Tusiusingizie Mfumo

Jamani, tuache kusema "mfumo umekataa." Mfumo haukatai wala haukubali kitu kwa akili yake. Kuna mtu aliuandika hivyo, na mwaka jana mtu huyo nilikuwa mimi.

Darasa letu lilikuwa na safari ya mafunzo: nafasi 40, anayewahi ndiye anayepata. Nikatengeneza fomu kwa PHP. Tangazo lilisema mwisho ni saa 5:59 usiku, nami kwenye programu nikaandika 23:59. Nikalala zangu.

Asubuhi nafungua orodha, nakuta nafasi tatu za mwisho zimechukuliwa saa nane usiku. Ilikuwaje? PHP isipoambiwa iko wapi, huhesabu saa kwa UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kumbe fomu yangu ilikuwa wazi mpaka saa 8:59 usiku.

Utasema hakuna aliyeumia. Yupo. Dada mmoja wa darasani bando lilimwishia jioni, akapata jingine saa sita na robo. Akasoma tangazo, akaona muda umepita, akalala. Waliobahatisha wakapanda basi, aliyeheshimu tangazo akabaki. Nilipomwomba radhi alisema tu, "Kumbe ningejaribu." Neno hilo bado linanichoma.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam'). Na mtego si huo peke yake. Iandikie PHP 05/04/2024 kwa mkwaju, itasoma Kimarekani, tarehe 4 Mei. Weka vistari, 05-04-2024, itasoma tarehe 5 Aprili. Salama ni kuanza na mwaka: 2024-04-05.

Wenzangu wa kompyuta, kabla fomu haijaenda kwa watu, ijaribuni dakika moja kabla ya mwisho na dakika moja baada yake. Nanyi mnaoandika matangazo, "saa sita usiku tarehe 12" ni usiku gani? Wa kuamkia 12 au wa kuamkia 13? Semeni wazi.

Tarehe na saa tunaziona kitu kidogo kwa sababu kila mtu ana simu mkononi. Lakini kwenye nafasi za kugombania, dakika ndiyo haki yenyewe. Tukiichezea, tunawafundisha wenzetu kwamba kufuata utaratibu ni ujinga.