Mafunzo ya wauguzi yatungwe Usambara

Muuguzi anayepangiwa Soni, katika milima ya Usambara, akitokea mbali hukuta wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kisambaa, na uamuzi wa tiba ukiwa mikononi mwa jamaa waliomsindikiza mgonjwa. Mtoto wa degedege huenda amepitishwa kwanza kwa mganga wa jadi. Mama akikaripiwa kwa hilo, safari ijayo ataficha, na dakika zitakazopotea ni za uhai wa mtoto.

Mafunzo ya mtandaoni yanaweza kumwandaa mhudumu huyu, ila yasiwe somo la ng'ambo lililotafsiriwa. Wayatunge wakunga, wazee na waganga wa hapa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inawatambua waganga hao. Baraza la Uuguzi na Ukunga liyahesabu mafunzo hayo katika kuhuisha leseni za wauguzi.