Kifaru cha Mtoto Kipate Sauti

Mwezi huu tunaugeukia mchezo ambao wengi wetu huwaachia akina baba na wavulana: kifaru cha kuchezea kinachoendeshwa kwa rimoti. Kinapanda mkeka, kinageuza mzinga wake, lakini kile cha bei nafuu hakina sauti ila mlio mwembamba wa mota, kama mashine ya kinyozi. Mtoto anataka kingurume. Tusikimbilie kumjibu kwamba hakuna pesa, maana jambo hili hufanyika kwa gharama ndogo, na kazi yenyewe itamfundisha mengi kuliko kununuliwa kifaru kingine.

Kinachohitajika ni kibao kidogo cha kurekodia kiitwacho ISD1820, ambacho huuzwa na wenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Kina maikrofoni yake, kitufe cha kurekodi na vitufe vya kusikilizia, na mara nyingi huuzwa pamoja na spika ndogo. Ukishikilia kitufe cha kurekodi kinanasa sauti kwa sekunde 10 hivi, na hata betri zikitolewa sauti haifutiki. Kina pia mahali pa kuchagua sauti ijirudie yenyewe, na hapo ndipo mngurumo wa injini unapopatikana bila kukatika. Vipo vibao vingine, kama DFPlayer Mini, vinavyosoma sauti nyingi kutoka kwenye memori kadi, lakini vinataka kompyuta. Kwa kuanzia hiki kinatosha.

Umeme wake usichukuliwe kwenye betri ya kifaru. Vifaru vingi vikubwa hutumia betri ya volti 7.2, na kibao hiki kinataka volti 3 hadi 5 tu, kitaungua. Betri tatu ndogo za volti 1.5, kama zile za rimoti ya televisheni, zinatoa volti 4.5, na swichi moja inatosha kuwasha na kuzima. Kuunganisha nyaya kwa risasi ya moto mwachieni fundi redio wa mtaani, mtoto akae pembeni atazame.

Sasa sauti yenyewe, na hapa ndipo utamu ulipo. Kifaru cha Warusi cha T-34, kilichopigana katika Vita Kuu ya Pili, kilikuwa na injini ya dizeli ya silinda 12. Kwa hiyo lori la dizeli lililosimama likinguruma, au mashine ya kusaga mahindi, linakaribia sana. Tiger ya Wajerumani ilitumia petroli, lakini mtoto hatadai tofauti hiyo, labda awe mbishi. Minyororo ya magurudumu ni vifuniko vya soda vilivyotungwa kwenye waya na kukokotwa juu ya ubao. Mzinga ni debe tupu likipigwa kwa ngumi. Rekodini mahali pasipo na upepo, maana maikrofoni hunasa upepo kuliko injini.

Spika ikiachwa wazi hutoa sauti nyembamba, kwa sababu mawimbi ya mbele na ya nyuma yanauana. Ibandikeni kwenye mdomo wa kikopo cha plastiki, pembeni pasibaki tundu, nayo itapata kifua.

Wengine huchomoa kibao cha sauti kwenye kadi za salamu zinazoimba. Ni rahisi zaidi, lakini hatuwashauri wenye watoto wadogo. Ndani yake mna betri za duara kama kifungo cha shati, na betri ya namna hiyo ikikwama kooni huweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Mtoto akimeza, au mkishuku tu kwamba amemeza, apelekwe hospitali mara moja, wala asitapishwe. Hata zile betri tatu zifungwe ndani ya kifaru kwa skrubu.

Liko jambo jingine. Kigoma na kwingineko wako majirani zetu waliokimbia vita Burundi na Kongo, wakiwa na watoto mgongoni. Mlio wa mzinga uani kwa mtoto wetu ni mchezo; kwa mama aliye ng'ambo ya ua huenda ukamrudisha usiku ule alioacha nyumba yake. Hatusemi kifaru kitupwe. Tunasema mzinga uachwe kimya, na kibao kirekodiwe injini na honi, au sauti ya bibi akiita "Pisheni njia!" Watoto watacheka zaidi, nasi tumejionea.

Kibao hiki hakina pa kupunguza sauti, kwa hiyo bandikeni kipande cha sponji mbele ya spika ikiwa kali, na watoto wasiiweke sikioni. Jaribuni yote kabla ya kufunga skrubu, kwani kurekodi upya ni kukifungua tena kifaru kizima.