Filamu Yetu Haijafika Mkuyuni
Wiki hii pale Mkuyuni, Uluguru, kwenye ubao wa banda la video jirani na wauza ndizi, palikuwa na majina mawili ya filamu kwa chaki: moja la ngumi za Kichina, jingine la Kihindi, zote zimeingizwa sauti za Kiswahili. Nikamuuliza kijana wa mlangoni kama ana Vuta N'Kuvute. "Kile kitabu?" Ndicho, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Lakini filamu ya Amil Shivji iliyotokana nacho, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021 na kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar, hapa hata bango haina. Si filamu ya kufukuzana. Wahusika wake, Denge na Yasmin, wanaishi Zanzibar ya miaka ya 1950, na hadithi inakwenda kwa mwendo wake. Wajuaji watasema watu wa Uluguru hawana subira nayo. Hao hao wanaokesha wakisikiliza ngano? Mcheza kwao hutuzwa, ila atatuzwaje na wasiouona mchezo? Filamu ya Kiswahili isiyowafikia wasema Kiswahili ni kazi nusu. Wenye filamu na Bodi ya Filamu, bebeni projekta, pandeni Mkuyuni.