Manamba Wenye Shahada

Kijana mmoja wa Kitahana, wilayani Kibondo, niliyemfundisha kwa miaka mitatu, alirudi kutoka Israel baada ya miezi 11 ya kile ambacho makaratasi yake yaliita mafunzo kwa vitendo. Nilimuuliza amejifunza nini. Akafikiri kidogo, kisha akajibu: "Mwalimu, nimejifunza kufungasha pilipili hoho." Hakuwa akifanya mzaha. Shahada yake ni ya sayansi ya mimea.

Wapo watakaosema hilo ni kosa la shamba moja. Mimi nasema ndivyo mpango ulivyoundwa. Katika programu nyingi za aina hii, siku ya darasani ni moja kwa juma. Zilizobaki ni za kazi, na ada hukatwa kutoka katika ujira wa kazi hiyo hiyo. Anayefanya kazi siku tano ili asome siku ya sita ni kibarua. Ukibarua si aibu. Aibu ni kumwita kibarua mwanafunzi ili asidai haki za kibarua, na papo hapo kumnyima elimu ya mwanafunzi.

Watu wa Buha hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Chini ya utawala wa Waingereza, Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala la nguvukazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, ilhali njia za kuipata fedha hiyo nyumbani zilikuwa finyu mno. Iliyobaki ilikuwa kuondoka. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha ikawa miongoni mwa maeneo iliyoyategemea. Wanaume wakaenda Tanga wakiwa na namba na kipande cha siku 30, nasi tukawaita manamba. Mwanahistoria Laurent Sago aliyachunguza haya kwa kina, na ningetamani kila afisa anayesaini mkataba wa kupeleka vijana nje amsome kwanza. Mkonge ulistawi Tanga. Kibondo ilibaki bila nguvu za vijana wake, kisha ikalaumiwa kwa kuwa nyuma.

Tofauti ya sasa ni kwamba manamba wa leo amesomeshwa kwa mkopo wa serikali kabla hajaandikishwa.

Tujiulize pia kama kinachofundishwa kinafaa. Arava ni jangwa. Mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 50. Miinuko ya Kibondo na Kasulu hupata takriban milimita 1,000, na mara nyingi zaidi. Umwagiliaji wa matone ni teknolojia nzuri, sibishi, na Dodoma ingenufaika nao. Lakini mkulima wa Kitahana hasumbuliwi na ukame wa jangwani. Anasumbuliwa na batobato na michirizi kahawia katika mihogo, mnyauko katika migomba, udongo uliochoka, na mnunuzi anayempangia bei ya udaga kwa sababu hana pa kuuhifadhi. Nani amempeleka mwanafunzi wetu kujifunza hayo? Angeweza kuyajifunza Uganda, ambako watafiti wamepambana na magonjwa hayo hayo ya mihogo kwa miongo kadhaa. Kampala haitangazwi kwenye mbao za matangazo kwa sababu haina upungufu wa wafungashaji.

Kisha kuna jambo tunalolinong'ona tu. Tarehe 7 Oktoba 2023, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, vijana wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo, waliuawa katika shambulio la Hamas. Mwili wa Joshua ulishikiliwa Gaza hadi Novemba 2025. Baba yake alingoja miaka miwili apate mtoto wa kumzika. Waliowaua ndio wenye hatia ya damu yao, na hilo lisipindishwe. Lakini sisi tuliowaaga tulikuwa na wajibu wa kuuliza mashamba yale yako umbali gani na mpaka wa Gaza, na nani angemjibu mzazi endapo lolote lingetokea. Wiki chache baadaye, Watailandi kwa maelfu walipokuwa wameyakimbia mashamba hayo, Malawi ilipeleka vijana 221 na Kenya ikatangaza nafasi 1,500. Hao angalau waliitwa wafanyakazi.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa kuwa yule kijana wa Kitahana ndiye aliyenipa. Kwa akiba yake amenunua pawatila na anamlipia mdogo wake ada. "Mwalimu," aliniuliza, "hapa ungenipa nini?" Sikuwa na jibu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, lakini yeye alikuwa ameomba kazi ya ugani mara tatu bila kuitwa hata kwenye usaili.

Kwa hiyo sisemi wasiende. Nasema waende kwa mkataba wa Kiswahili, uliosomwa na mwanasheria wa chuo kabla ya mwanafunzi kuutia saini. Bima yao ijulikane, na ujira na makato viandikwe. Kazi yao ihesabiwe katika shahada kwa kipimo kile kile tunachokitumia hapa, na isipofikia kipimo iitwe ajira. Na wizara ichapishe kila mwaka idadi ya waliokwenda, waliorudi na wanachofanya sasa. Ndugu zangu watumishi wa umma, haya hayahitaji mfadhili.

Jumatatu iliyopita binti mmoja wa Kasulu alileta fomu niisaini kama mwalimu wake. Niliisoma yote. Sehemu ya "malengo ya mafunzo" ilikuwa tupu. Nimemrudishia na kumwambia aiulize kampuni iliyomwandikisha. Bado hajarudi, na tarehe ya mwisho ni Ijumaa.