Tudai Namba, Sweta Tunazo

Msimu wa ufadhili wa masomo ukifika, makundi yetu ya WhatsApp hujaa ushauri kwa wanaopanda ndege mara ya kwanza: beba sweta, vaa soksi, mle ndani ni friji. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Ila umetuzoesha kuamini kwamba shida ya hewa ya ndege ni baridi ya angani, wakati hatari kubwa iko chini, kabla ndege haijaondoka.

Baridi ya juu ina sababu. Kwenye mita 11,000, nje ni kama nyuzi 55 chini ya sifuri, lakini hewa inayoingizwa ndani hupashwa na kupozwa hadi kiwango kinachotakiwa, kwa hiyo ubaridi ule ni uamuzi wa mtu. Shinikizo la hewa ndani huwa kama la mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400, na damu inabeba oksijeni pungufu kuliko ukiwa Dar. Ongeza joto juu ya hapo: mishipa ya ngozi inatanuka, presha inashuka, mtu anaanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine ulipitia dharura 11,920 za kiafya ndani ya ndege, na asilimia 37 zilikuwa za kuzimia au kukaribia kuzimia. Kwa hiyo mhudumu akipunguza joto kidogo hajakukomoa. Vaa sweta lako, kunywa maji maana hewa ni kavu mno, safari iendelee.

Chini ni habari nyingine. Injini kubwa zimezimwa, jua la saa saba linapiga, na abiria 150 kila mmoja anatoa joto lake. Upozaji hapo unategemea injini ndogo iliyoko mkiani, au mashine ya uwanjani inayounganishwa kwa bomba. Ile injini ndogo inakula mafuta, na mafuta ni pesa. Ikiwa mbovu na mashine ya uwanjani haipo, mnakaangwa tu. Julai 2023 pale Las Vegas, siku ya joto la zaidi ya nyuzi 40, abiria wa ndege ya kwenda Atlanta walikalishwa ndani ikiwa bado ardhini hadi baadhi yao wakazidiwa. Mtu mzima atalalamika. Kichanga je? Bibi anayetumia dawa za presha je?

Eti wanafunzi wa boom tunahangaikia ndege wakati daladala za Mbagala zinatupika kila siku? Sawa, zinatupika. Lakini daladala unashuka kituo kinachofuata. Mlango wa ndege ukishafungwa, wewe huna ruhusa ya kuufungua, na hapo ndipo aliyeufunga anapobeba wajibu.

Viwango vipo. ASHRAE, chama cha wahandisi wa mambo ya joto na ubaridi, kinapendekeza nyuzi 18 hadi 24 ndani ya ndege, na kwa kawaida zisizidi 27. Ni mapendekezo, hayamfungi mtu. Wahudumu wa ndege wa Marekani, kupitia chama chao cha AFA, waliiomba serikali yao mwaka 2018 iweke kikomo cha kisheria. Wao ndio wanaofanya kazi mle ndani, nawaamini kuliko brosha yoyote.

Hapa kwetu lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, chini ya TCAA. Tulipelekee ombi lenye namba: ikizidi nyuzi 27 ndani, abiria wasipandishwe, ikipanda wakiwa wameshakaa, wapewe maji, na baada ya dakika 30 bila nafuu washushwe. Wenzetu wa Shule ya Sheria, barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Iandikeni kabla UE haijaanza, sahihi tutazikusanya pale kafeteria.