Wakubwa wapya wa muji wa Kolwezi: tuwapime na balansi gani?

Kila mara wakubwa wapya wanapoingia ku ofisi ya muji, siku za kwanza zinafanana. Salongo mu barabara kubwa, mitaro inazibuliwa, mamama wenye kuuza pembeni ya njia wanafukuzwa, redio zinapiga sifa. Kiisha mvua ya Novemba inaanguka, na mutaro ule ule unajaa tena. Creuseur anajua hii mambo: ku depo, usipoangalia balansi wewe mwenyewe, feza yako inapotea mbele ya macho. Na wakubwa wa muji njo vile: inafaa tuwe na balansi yetu.

Kwa miaka mingi meya alikuwa anatiwa na Kinshasa, na njo kule alikuwa anatoa hesabu. Sheria ya Oktoba 2008 iliandika njia ingine: raia wanachagua washauri wa komini, wale wanachagua washauri wa muji, na washauri wa muji wanachagua meya. Njia hiyo ililala mu makaratasi miaka 15. Ni tarehe 20 Desemba 2023 tu tulipiga kura ya washauri wa komini, tena mu miji mikubwa ya majimbo peke yake. Kolwezi ilikuwa ndani, na komini zake mbili, Dilala na Manika. Hii haiko kitu kidogo. Mushauri wa komini ana kazi ya kupitisha bajeti na kuangalia namna wakubwa wanaitumia. Akinyamaza, kura yetu imenyamaza naye.

Sasa, feza iko? Iko. Kodi ya mines ya 2018 inagawanya redevansi hivi: mia kwa 50 kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho, na 15 kwa muji, komini, sekta ao chefferie pale shimo liko. Ile 15 kampani inailipa moja kwa moja ku konti ya pale, haipitie Kinshasa. Tufanye hesabu nyepesi. Kobalti ya dola 1 000 inatoa redevansi ya dola 100, sababu kiwango chake ni mia kwa 10. Fungu la wenyeji ni dola 15. Shaba ya dola 1 000 inatoa dola 35, na fungu la wenyeji ni dola 5 na kidogo.

Hapo tunaona mambo mawili. Ya kwanza: feza inafuata shimo, haifuate kitanda. Kamoa-Kakula iko karibu kilometa 25 inje ya muji. Mutu anayetumika kule na kulala Manika anatumia maji, njia na masomo ya Manika, lakini fungu la shimo lake linaenda kwingine. Ya pili: tangu tarehe 22 Februari 2025 serkali ilifunga kutosha kobalti inje ya inchi, na tangu 16 Oktoba 2025 inatoka kwa kipimo tu: tani 96 600 kwa mwaka mu 2026 na 2027. Bei ikipanda, inaweza kusaidia. Lakini bajeti iliyojengwa juu ya kobalti ya jana inaweza kuanguka kama shimo bila miti. Mukubwa mwenye akili hawezi kuahidi barabara kumi kwa feza ambayo haijaingia.

Tuseme pia kweli: kuna mambo muji hauwezi. Kuran ni ya SNEL, maji ya bomba ni ya REGIDESO, vibali vya kuchimba vinatoka Kinshasa. Kumulaumu meya sababu ya kukatwa kwa kuran ni kumuonea. Lakini mitaro, takataka, soko na njia za kartie, ile iko kazi yake. Pale hana pa kujificha.

Kuna kazi ingine haina kelele, na haiombe mamilioni: karatasi ya kuzaliwa. Sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inaomba aandikishwe ku komini mbele ya siku 90. Familia nyingi za wachimbaji zinahama kufuata shimo, na siku hizo zinapita. Nyuma yake ni tribinali, ni feza, na mutoto anafika ku mutihani wa serkali bila karatasi. Komini ikifungua meza ya kuandikisha karibu na maternite na mu kartie za wachimbaji, bila kuomba franga ya soda, hayo tutayaita maendeleo, hata kama hakuna kamera.

Basi balansi yetu iwe na mawe matatu. Moja: hesabu ya redevansi iliyoingia na iliyotoka ibandikwe ku ukuta wa komini, mu Kiswahili, kila miezi mitatu. Mbili: mutaro uliozibuliwa mwaka huu ubaki wazi mwaka ujao. Tatu: mutoto aliyezaliwa leo apate karatasi yake mbele ya siku 90.

Siku mushauri wako anapita mu kartie, usimuombe bia wala tisheti. Umuulize hivi: mu miezi mitatu iliyopita, ngapi iliingia, na ngapi ilitoka? Akijibu, umusaidie. Akikasirika, utakuwa umejua balansi inasema nini.