Mzee Mwenye Saratani Asiachwe na Maumivu

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua wazee, saratani ina ukatili wa namna yake. Huanza kimyakimya, na mara nyingi mgonjwa hufikishwa hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea mwilini na hata kuingia mifupani. Hapo vidonge vya kawaida havifui dafu. Dawa inayoweza kutuliza maumivu hayo ni mofini, itokanayo na afyuni, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 1977.

Hata hivyo, wapo wananchi, na hata baadhi ya watumishi wa afya, waaminio kwamba mzee akianzishiwa mofini basi amekwisha kuhukumiwa kufa. Huonyesha tafiti ambazo zimeona vifo vingi zaidi kati ya wagonjwa wanaotumia dawa hizo kwa wingi. Lakini wanaohitaji dawa kwa wingi ndio hao hao ambao ugonjwa umewazidi. Kuilaumu dawa kwa kila kifo cha namna hiyo ni sawa na kuzilaumu ndoo za maji kwa kuwa hukutwa kwenye nyumba inayoungua.

Hiyo si kusema kwamba hatari haipo. Figo za mzee hazina nguvu za figo za kijana. Mabaki ya mofini yanayopaswa kutoka kwa mkojo huweza kulimbikizana mwilini, mgonjwa akasinzia kupita kiasi, akachanganyikiwa, akaanguka na kuvunjika nyonga, au pumzi zake zikapungua hata zikakoma. Hatari hiyo huzidi mofini inapochanganywa na dawa za usingizi au pombe.

Kwa hiyo adui ni wawili: woga na uzembe. Woga humwacha mzee akilia usiku kucha, uzembe humwua. Dawa ya yote mawili ni elimu na uangalizi. Mzee aanzishiwe kipimo kidogo, kiongezwe polepole, na hali ya figo zake ichunguzwe. Apewe pia dawa ya kulainisha choo, kwa maana mofini hufunga choo. Nyumbani awepo mtu mmajawapo wa kuipima na kuitunza dawa mbali na watoto. Mgonjwa asiyeamshika kwa urahisi apelekwe hospitali mara moja, na aliyezoea dawa asikatishiwe ghafla.

Jirani zetu wa Uganda wameonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Huduma ya kuwatuliza wagonjwa iliyoanzishwa huko mwaka 1993 ilitumia mofini ya maji, ambayo ni ya bei nafuu, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Dawa ikaweza kumfuata mgonjwa hadi kijijini.

Katika Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ipo Dar es Salaam, lakini wazee wengi wapo vijijini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliutambua wajibu wa taifa kwao. Vita dhidi ya dawa za kulevya, ambayo sheria ya mwaka 2015 iliipa nguvu mpya, ni vita ya haki. Lakini mkono unaomzuia mlanguzi usimnyime mgonjwa. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa hizo unakiri kwamba matumizi yake katika tiba ni ya lazima.

Hapana budi, basi, Chama na Serikali kuhakikisha kwamba mofini inafika katika hospitali za wilaya, pamoja na watumishi waliofundishwa kuitumia kwa uangalifu. Wazee hao ndio waliolima mashamba na kujenga shule za taifa hili. Taifa linaloheshimu jasho lao haliwezi kuwaachia maumivu yawe ndiyo malipo yao ya mwisho.